Nyigu Kwenye Koti la Bwana Tarumbeta

Mama Kwanini alikuwa fundi cherehani wa kuaminika. Umpe kitambaa, umweleze kwa mikono na midomo nguo uliyoiona mahali, siku ya tatu unaondoka umeivaa. Kushona kulikuwa damuni mwake. Kufundisha, hapana. Kufundisha kulimwangukia tu, kama mvua inavyomwangukia mtu aliyeacha mwavuli nyumbani.

Mumewe alikuwa dereva wa greda, lile dude la manjano linalosawazisha barabara, na barabara ikiisha huku kampuni inahamia kule. Katika miaka minne walihama mara tano. Binti yao wa kwanza, mwenye miaka kumi, alipita shule nne, na kila alikoingia alikuta wenzake wameshafika mbele au bado wako nyuma. Binti huyu ndiye aliyempa mama yake jina. Tangu ajue kusema, neno lake lilikuwa moja: kwa nini? Basi nyumbani na mtaani wakamwita Kwanini, akaitika. Lakini katika shule ile ya nne akaacha kuuliza. Mwalimu wake akamwita mama mtu, akamsifia mtoto kwa utulivu.

Mama alirudi nyumbani machozi yakimlengalenga. "Huyu hajatulia," alimwambia mumewe. "Huyu kazimika."

Wiki iliyofuata waliandika barua kwenye ofisi ya elimu, wakapewa ruhusa ya kuwasomesha watoto nyumbani, kwa sharti kwamba kila muhula atakuja afisa kuwapima. Mtoto wa pili alikuwa mvulana wa miaka saba, naye aliitwa Polepole. Kuvaa kiatu, polepole. Kula, polepole. Ukimtuma chumvi, mchuzi unapoa.

Walipanga vyumba viwili ghorofani, juu ya karakana ya Fundi Pancha. Chumba cha mbele kilikuwa na cherehani karibu na dirisha, meza ndefu ya kukatia nguo, na ukutani safu ya misumari ya kutundikia kazi za wateja. Asubuhi meza ile ilikuwa darasa, mchana ikarudi kuwa meza ya fundi, na mara nyingi ilikuwa vyote viwili kwa pamoja. Mambo hayakuwa mabaya. Nusu na robo watoto walizijua kwa kukunja vitambaa. Kusoma walijifunzia popote palipo na maandishi, hata kwenye maboksi ya nyuzi.

Somo lililomshinda Mama Kwanini ni lile la viumbe na mazingira.

Kitabu kilisema: Mpeleke mtoto msituni, asikilize ndege, apapase magome ya miti. Mama akachungulia dirishani. Aliona mabati, nyaya za umeme, tangi la maji na soksi za jirani. Akajikaza, akawapeleka bustani ya manispaa. Hawajamaliza hata kuinama, mlinzi akapuliza filimbi: nyasi zile ni za kutazamwa, si za kukanyagwa. Akarudi akapanda maharage kwenye pamba, kama kitabu kilivyoelekeza. Yakaoza, chumba kikanuka siku mbili, mteja mmoja akauliza kwa adabu kama kuna panya amefia mahali. Mwishowe akabaki na kukaririsha.

"Mwili wa mdudu una sehemu ngapi?"

"Tatuuu," watoto wakaitikia, kama kasuku wawili waliokosa usingizi.

Siku moja katikati ya kukariri, Kwanini akapiga mwayo. Si mwayo wa kuficha kwa kiganja, bali mwayo kamili, mpaka magego yakaonekana. Mama akashtuka kuliko kama angetukanwa. Jioni ile alimpigia mumewe simu kule kambini.

"Baba Kwanini, afisa anakuja baada ya wiki tatu, na mtoto ameanza kupiga miayo."

"Si umfundishe kitu unachokipenda?"

"Nipende nini? Mimi na wadudu ni paka na maji. Unalijua hili jicho langu."

Mumewe akacheka, maana hadithi ya lile jicho aliijua. Mama Kwanini alipokuwa na miaka minane, nyigu alimdunga kwenye kope. Alikaa siku tatu anaangalia dunia kwa jicho moja, na tangu hapo kila chenye mabawa kisichokuwa kuku alikiogopa.

*

Sasa, katika ile misumari ya ukutani, ule wa karibu na dirisha ulikuwa umetundikwa koti jekundu la Bwana Tarumbeta. Huyu alikuwa kiongozi wa bendi ya harusini, mtu mpana, mwenye sauti ambayo hata akinong'ona mtaa unasikia. Alileta koti lipunguzwe mikono na kubadilishwa bitana, kisha akasafiri. Mama alilimaliza, akalitundika, likakaa wiki mbili na zaidi likimngoja mwenyewe.

Alhamisi moja Bwana Tarumbeta akapiga simu kuwa amerudi, na kesho atapita kulichukua, maana Jumamosi ana harusi. Mama akawasha pasi, akalishusha koti msumarini, akaligeuza upande wa ndani. Hapo akaona. Kwenye bitana mpya, chini kidogo ya kwapa, palikuwa na donge la udongo mkavu, kubwa kama yai la bata.

"Nani kapaka tope koti la watu?" aliuliza kwa ile sauti ambayo watoto huijua.

"Si mimi," akasema Kwanini.

"Si mimi," akasema Polepole, akameza mate, akaongeza: "Ni yule dada mweusi mwenye kiuno."

"Dada gani tena?"

"Huwa anaingia dirishani. Anabeba tope mdomoni. Leo siku ya tano."

Mama hakuelewa, na pasi ilikuwa inachemka. Akachukua mkasi, akagonga lile donge kwa mpini wake. Kipande kikabanduka, na kutoka ndani vikamwagika mezani vidude vidogo vya rangi ya majani na kahawia. Akavisogelea kuvipangusa. Vilikuwa buibui. Buibui wadogo, lundo, na mmoja wao alikuwa anatikisa mguu.

Ukelele alioutoa ulimfanya Fundi Pancha huko chini aangushe nyundo. "Shemeji, kuna usalama?" akaita. Hakujibiwa, maana wakati huohuo nyigu mweusi, mwenye miguu ya manjano na kiuno chembamba kama uzi wa kushonea, aliingia dirishani na kuanza kuzunguka msumari mtupu. Mama akawa chini ya meza kabla hajajua amefikaje.

Kutoka kule chini ya meza alisikia kitu alichokuwa hajakisikia kwa miezi.

"Kwa nini wametiwa humo?" Kwanini alikuwa ameinamia wale buibui mpaka pua inakaribia kugusa. "Kwa nini hawajafa? Mbona hawakimbii? Mama! Kuna mmoja ana kitu cheupe tumboni kama punje ya mchele! Ni nini?"

Mama akatoa kichwa nje. Mwanawe macho yalikuwa yanawaka.

Mara zote alipoulizwa swali lisilokuwamo kitabuni, Mama Kwanini alikuwa akisema, "Tutafika huko." Safari hii jibu hilo halikuja. "Sijui, mwanangu," alisema. "Wallahi sijui." Kisha, kwa kuwa watoto wote wawili walikuwa wanamtazama wakingoja, akasema: "Hebu rudisheni koti msumarini taratibu, tumwone anafanya nini."

Yeye mwenyewe alijifunga mtandio kichwa kizima, akaacha upenyo wa macho tu, akakaa pembeni mlangoni tayari kwa kukimbia. Nyigu hakumjali. Alitua kwenye bitana, akaikagua nyumba yake iliyobomolewa, akazunguka, akapapasa kwa vipembe vyake kama mteja anayekagua mshono, akaondoka. Baada ya dakika kumi hivi alirudi na tonge la tope. Alipolitandika alitetemesha mabawa, na ukatoka mlio mwembamba wa "zzzii, zzzii."

"Anashona," Mama akanong'ona ndani ya mtandio, bila kukusudia. "Sikilizeni. Mlio wa cherehani mtupu."

*

Siku ile hawakusoma kitu kingine, wala pasi haikuguswa. Kwanini alishika daftari akaandika saa ya kutoka na saa ya kurudi. Polepole alipewa kazi ya kutazama, akaifanya kuliko mtu yeyote, kwani ndiyo kazi aliyokuwa akiifanya maisha yake yote bila kupewa. Kumbe alikuwa anajua mengi. Alijua kwamba nyigu huja jua likishapasha dirisha, na kwamba siku ya mvua haji. Alijua kwamba tope huja kwanza, na buibui hufuata baadaye.

"Sasa mbona hukusema, baba?" mama akamuuliza.

"Hamkuniuliza."

Swali la Kwanini lilikuwa tope linatoka wapi, maana barabara ilikuwa kavu. Wakatoka mbio kumfuata nyigu, wakampoteza kwenye ngazi. Wakarudi, wakajaribu tena, mmoja dirishani, mmoja chini, mama katikati na mtandio wake. Mara ya nne wakampata. Alikuwa ametua kando ya karai la Fundi Pancha, lile la kuzamishia mipira ya tairi ili kutafuta tundu. Maji yaliyomwagika hapo yalifanya tope laini, na nyigu alikuwa amesimama kichwa chini, anafinyanga tonge kwa miguu ya mbele.

"Mjomba usikanyage hapo!" Kwanini akapiga kelele.

Fundi Pancha akabaki ameinua mguu mmoja hewani kama korongo. "Jamani, karakana ni yangu."

"Ndiyo mjomba, lakini udongo ni wake."

Walipomweleza, mzee wa watu akacheka mpaka akajishika mbavu. Miaka tisa alikuwa anawaona wale wadudu pembeni ya karai akidhani wanakuja kunywa maji. "Shemeji," alimwambia Mama Kwanini, "umehangaika na bustani ya manispaa, kumbe! Mtaka cha mvunguni sharti ainame." Tangu siku hiyo, kila alipofunga karakana mchana kwenda kula, alimwaga kikombe cha maji pale chini, makusudi.

Ikabaki shughuli ya kesho. Ijumaa saa nne Bwana Tarumbeta alipanda ngazi huku akipiga mluzi.

"Dada fundi! Liko wapi joho langu la kazi?"

"Lipo, kaka yangu, ila limepata wageni." Mama akamsogeza mpaka ukutani, akalifunua koti.

Bwana Tarumbeta akatazama. Rangi ya uso ikakaribiana na ya koti. "Nini hiki? Nimeleta koti kushonwa, au nimeleta shamba kulimwa? Kwangua!"

"Huwezi kukwangua, mzee," akasema Kwanini akijipenyeza kati yake na koti. "Kuna watoto ndani. Vyumba vinne. Cha tano mama alikibomoa kwa bahati mbaya. Kila chumba kina mtoto mmoja na buibui wa kumtosha. Buibui hawajafa, tunadhani mama yao amewadunga tu wasitembee, ndiyo maana hawaozi. Jana tuliwahesabu, kumi na mmoja. Ukikwangua, utakuwa umeua watoto wanne na kumwaga chakula."

Bwana Tarumbeta akasogea karibu. Akavaa miwani. Nyigu akaingia, akapita karibu na sikio lake, akatua kazini. Yule mtu mpana akainama, mikono magotini, akamtazama.

"Anaziba mlango," Polepole akamweleza. "Akishaziba hatarudi tena kukiangalia hicho."

"Hata kuwaona watoto wake?"

"Hata."

"Maskini," akasema Bwana Tarumbeta kwa sauti ndogo. Halafu akakumbuka shida yake. "Kwa hiyo mimi nimenyang'anywa koti na mdudu. Nitawaambia nini watu wa harusi?"

Mama alikuwa ameshafikiria hilo kitandani usiku. Kitambaa chekundu kilichokatwa kwenye mikono kilikuwepo, na kipande kingine cha rangi ileile alikuwa nacho kwenye mfuko wa mabaki. Akampima kifua pale pale, na hadi jioni akawa amemshonea kizibao chenye vifungo vya shaba. Bwana Tarumbeta alikivaa Jumamosi akapiga nacho mpaka mwisho, isipokuwa kwenye ile noti ya juu kabisa, kifungo cha pili kilifyatuka kikatua kwenye sahani ya baba wa bibi harusi. Watu walidhani ni sehemu ya mchezo, wakashangilia. Jumatatu bendi nzima ikaja kupimwa vizibao, wapiga ngoma wawili wakiwemo.

"Lakini vifungo uvitie nyuzi mara mbili," Bwana Tarumbeta akasisitiza. Kisha akaketi kwenye kiti cha wateja, akauliza: "Haya, wale watoto wanaendeleaje?"

Akawa anapita kila Jumatatu.

*

Kile chumba kilichobomoka hakikupotea bure. Mama alikipanga kwenye kibweta cha sindano chenye kifuniko cha kioo, buibui na lile buu jeupe, na kila asubuhi walilichora. Lilikula buibui mmoja baada ya mwingine, likanenepa, na lilipomaliza likajifungia kwenye kifuko cha kahawia kama kidonge cha dawa. Kabla ya hapo Mama Kwanini hakuwa amewahi kuchora chochote ila mikono na kola. Mchoro wake ulikuwa bora kuliko wa watoto, na alianza kuamka mapema ili aone kabla hawajaamka wao. Mtandio ulikuwa umeshuka kutoka kichwani mpaka shingoni, halafu siku moja akausahau kabisa.

Mumewe alikuja Jumamosi moja, akakuta mke wake amepiga magoti sakafuni anatazama utitiri wa sisimizi wanaobeba bawa la mende. Akakohoa. Hakuna aliyegeuka.

"Nimekosea nyumba?" akauliza.

"Baba, usivuke hapo, wana njia yao," akajibiwa.

Afisa wa elimu alifika siku aliyosema, mama wa makamo mwenye faili nene na viatu vya ngozi vilivyong'arishwa. Alipima hesabu, akaridhika. Alipima imla, na hapo Polepole akaaibika: aliandika "nyigu" kwa namna tatu tofauti kwenye ukurasa mmoja, na zote zilikuwa kosa. Afisa akaandika kwa kalamu nyekundu. Halafu akafika kwenye viumbe.

"Haya, mwanangu. Mwili wa mdudu una sehemu ngapi, na zinaitwaje?"

Polepole akachungulia dirishani. Mama akaanza kutoka jasho. Alikuwa amekaririsha hilo wiki nzima kabla ya nyigu, na baada ya nyigu hakulikumbuka hata mara moja.

"Tatu," Polepole akasema hatimaye. "Lakini ukimtazama huyu wetu utadhani ni wawili wamefungwa kwa uzi. Shangazi, nikuonyeshe? Saa hizi ndipo anachota tope."

Afisa akatazama saa, akatazama faili. "Mbali?"

"Chini tu."

Mama aliona mengi siku hizo, lakini kuona afisa wa serikali amechuchumaa kando ya karai la Fundi Pancha, kisigino kimezama topeni, anaelekezwa na mtoto wa miaka saba jinsi ya kutotia kivuli chake juu ya mdudu, hilo lilimshinda, akajificha nyuma ya lundo la matairi acheke. Walikaa pale nusu saa. Kwanini alimwuliza afisa kwa nini nyigu hajitafutii udongo mwekundu ulio karibu zaidi na dirisha. Afisa alisema hajui. Kwanini akamwandikia swali hilo kwenye karatasi, ili alipeleke ofisini.

Kwenye fomu afisa aliandika kuwa imla ya mvulana inahitaji mazoezi ya kila siku. Chini ya viumbe na mazingira aliandika mstari mmoja: "Waendelee hivyohivyo." Kisha akaomba kitambaa cha kufutia kiatu.

Wiki ya tano, asubuhi, Polepole aliita kwa sauti ambayo hawakuwa wameizoea kwake, sauti ya haraka. Wote wakaja. Kwenye chumba cha kwanza cha udongo palikuwa pametoboka tundu la mviringo, na ndani yake kilionekana kichwa kinachotafuna ukingo. Walingoja karibu saa nzima. Akatoka, akiwa amelowa, akapangusa uso kwa miguu, akanyoosha mabawa. Mama Kwanini alikuwa amesimama umbali wa kiganja, lile jicho lake la zamani wazi kabisa. Nyigu akatembea kwenye bitana, akasita ukingoni mwa dirisha, akaruka kuelekea upande wa tangi la maji bila kuaga. Siku tatu zilizofuata wakatoka wawili wengine, na yule wa kwenye kibweta naye akafuata. Chumba cha nne hakikufunguka. Walipokipasua baadaye walikuta buibui waliokauka na ukungu, basi. Kwanini akauliza kwa nini, na mama akamwambia aandike kwenye daftari kwamba hatujui. Akaandika, akapigia mstari.

Bwana Tarumbeta alikuwa na ghadhabu kwamba mmoja alitoka asubuhi badala ya kungoja Jumatatu. Koti lake lilisuguliwa kwa sabuni na maji ya vuguvugu, lakini alama ya hudhurungi ilibaki kwenye bitana. Mama akataka kuibadilisha bure.

"Uiguse uone!" akanguruma. "Sasa nitawaonyesha nini wenzangu?"

Akalivaa, ingawa siku ile ilikuwa joto kali, akashuka nalo ngazi. Mama akarudi mezani. Kulikuwa na vizibao vitatu havijatiwa vifungo, imla ya Polepole haijasahihishwa, na kitabu kile cha msituni kilikuwa kimewekwa chini ya mguu mfupi wa cherehani ili isitikisike. Hakuwa amekaa hata dakika mbili, Fundi Pancha akapaza sauti kutoka chini.

"Shemeji! Njooni na daftari! Nimefungua tairi la lori, kuna chura humu ndani, na sijui aliingiaje!"

"Kwa nini aingie kwenye tairi?" Kwanini akauliza, ameshafika mlangoni.

Mama akachomeka sindano kwenye kifua cha gauni lake, akampita binti yake kwenye ngazi.